Kabla Hujaondoa Sima Kwenye Sahani ya Mgonjwa wa Kisukari

Leo tunazungumzia mlo unaoitwa keto. Huenda umeusikia ukitajwa kwenye chama, sokoni au kwenye simu. Wanaousifu husema: acha sima, acha chapati, acha mkate, kula nyama, mayai na parachichi, nayo sukari itashuka. Je, ni kweli? Na je, ni salama kwa mgonjwa unayempikia?

Jibu ni kwamba sukari hushuka kweli. Lakini kwa sababu hushuka kweli, mgonjwa anayetumia dawa anaweza kuzidiwa akiwa nyumbani. Dawa yake ilipimwa kulingana na chakula alichokuwa akila. Ukibadilisha sahani na dawa ikabaki vile vile, dawa iyo hiyo iliyomsaidia jana inaweza kumwangusha leo.

Mlo wa keto ni nini?

Chakula chetu kingi ni cha wanga: sima, wali, chapati, mkate, viazi, mihogo, ndizi na uji. Wanga husagwa tumboni ukawa sukari, na sukari hiyo huingia kwenye damu. Ili itoke kwenye damu na kuupa mwili nguvu, inahitajika insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Kwa mgonjwa wa kisukari, insulini haipo, au ni kidogo, au haifanyi kazi inavyopaswa. Ndiyo maana sukari hurundikana kwenye damu.

Katika mlo wa keto, wanga hupunguzwa hadi gramu 50 au chini ya hapo kwa siku nzima. Wengine hushuka hadi gramu 20. Hicho ni kiasi kidogo sana. Kipande kimoja cha mkate kina wanga wa karibu gramu 15. Ndizi moja mbivu ya wastani ina karibu gramu 27. Kikombe kimoja cha unga wa mahindi kina karibu gramu 90. Kwa hivyo anayefuata keto kikamilifu hana nafasi ya sima, na hata githeri huwa ni ya vijiko vichache. Kinachobaki ni mayai, samaki, nyama, kuku, omena, mboga za majani, parachichi, njugu na mafuta.

Mwili ukikosa wanga, huanza kuchoma mafuta. Ini huyageuza mafuta hayo kuwa vitu vinavyoitwa ketoni, ambavyo mwili huvitumia badala ya sukari. Hapo ndipo jina keto lilipotoka. Mlo huu haukubuniwa kwa ajili ya kisukari. Mwaka wa 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Hadi leo hospitali huutumia kwa baadhi ya watoto ambao kifafa chao hakitulizwi na dawa, nao huangaliwa kwa karibu.

Je, unamsaidia mwenye kisukari?

Kuna aina mbili kuu za kisukari. Aina ya pili ndiyo iliyo ya kawaida zaidi, hasa kwa watu wazima. Kwa hawa, utafiti umeonyesha kwamba kupunguza wanga hushusha sukari na uzito, na wengine hupunguziwa dawa na daktari. Faida huonekana zaidi katika miezi 6 ya kwanza. Kufikia mwaka mmoja, tofauti kati yao na wanaofuata milo mingine mizuri hupungua. Sababu mojawapo ni kwamba mlo huu ni mgumu kuudumisha, hasa pale ambapo nyumba nzima hula kutoka sufuria moja na nyama ni ya siku za sherehe.

Aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana. Miili yao haitengenezi insulini ya kutosha, nao huishi kwa sindano. Hapa mama usikubali kudanganywa na yeyote: hakuna mlo unaoweza kuchukua nafasi ya insulini. Jambo hili lilijaribiwa zamani. Kabla ya insulini kupatikana, madaktari waliwanyima watoto hawa wanga na kuwapa chakula kidogo mno. Waliongezewa muda kidogo wa kuishi, lakini walikonda na hatimaye wakafa. Sindano ya kwanza ya insulini kwa mgonjwa ilidungwa Januari 1922 mjini Toronto, Kanada, kwa mvulana wa miaka 14. Tangu hapo kisukari cha watoto kikaacha kuwa hukumu ya kifo.

Hatari ya kwanza: sukari kushuka mno

Chukua mfano wa baba anayemeza vidonge vya glibenklamidi kila asubuhi. Vidonge hivi hulazimisha kongosho kutoa insulini, iwe amekula wanga au hakula. Siku zote alikunywa chai kwa vipande vitatu vya mkate. Leo mkewe amesikia habari za keto, akampa mayai mawili na parachichi. Baba akameza kidonge kama kawaida, akaenda shambani. Kufikia saa tano anatetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio na maneno yake hayaeleweki. Wapita njia wanadhani amelewa. Kumbe sukari yake imeshuka, na asipopewa msaada anaweza kuzirai na hata kufa. Hatari hii pia humkabili yeyote anayejidunga insulini.

Ukiona dalili hizo, mpime kama una mashine. Sukari iliyo chini ya 3.9, au chini ya 70 kwa mashine zinazohesabu kwa mamia, imeshuka mno. Kama huna mashine, usingoje. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika nusu gilasi ya maji, au nusu gilasi ya soda ambayo si ya daiti. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu, rudia. Akipata nafuu, mpe chakula. Ikiwa amezirai au hawezi kumeza, usimtie kitu cha kunywa mdomoni, kwani kinaweza kumpalia. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini.

Vidonge vya metformini vikitumiwa peke yake si rahisi vishushe sukari kiasi hicho. Hata hivyo, wagonjwa wengi hupewa dawa zaidi ya moja, kwa hivyo soma majina yote kwenye pakiti. Kumbuka pia dawa za presha. Katika majuma ya kwanza ya keto mwili hupoteza maji na chumvi nyingi, na mgonjwa anayemeza dawa za presha anaweza kushikwa na kizunguzungu akisimama.

Hatari ya pili: ketoni kuzidi

Mwenye insulini ya kutosha mwilini akila keto, ketoni hupanda kidogo tu. Insulini ikikosekana, ketoni hupanda bila kizuizi na damu hugeuka kuwa na tindikali. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, maumivu ya tumbo, kutapika, kupumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, na kusinzia. Kwa mtoto, dalili hizi hudhaniwa kuwa malaria au chakula kibaya. Ukiziona, mpeleke hospitalini saa iyo hiyo, na uombe apimwe sukari pia. Kama mtoto anatumia insulini, usiikatize ati kwa sababu amekataa kula.

Kuna vidonge vipya vya kisukari ambavyo hutoa sukari kupitia mkojo, kama vile dapagliflozini na empagliflozini. Anayevimeza akiacha wanga, tindikali hii inaweza kumpata hata kama mashine haionyeshi sukari ya juu sana. Mgonjwa huyu asiguse keto kabla ya kuonana na daktari.

Nani hafai kujaribu keto?

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wasiujaribu. Kunyonyesha hutumia sukari nyingi ya mwili, na wako akina mama waliolazwa hospitalini kwa sababu ya tindikali baada ya kuacha wanga wakati wa kunyonyesha. Mwenye ugonjwa wa figo pia asiujaribu. Mtoto mwenye kisukari asipunguziwe wanga hivi nyumbani, kwa maana yuko katika umri wa kukua, na kipimo cha insulini yake hufuata chakula chake.

Ufanye nini basi?

Ikiwa mgonjwa wako ni mtu mzima na anataka kujaribu, usianzie jikoni. Anzeni kliniki. Beba dawa zake zote na kitabu chake cha kliniki. Uliza maswali haya: Dawa gani ipunguzwe, na kwa kiasi gani? Tupime sukari mara ngapi kwa siku? Figo zake ziko vipi? Tukiona nini turudi upesi? Msiache wala msipunguze dawa wenyewe, hata kama sukari imeanza kusoma vizuri.

Na kama keto ni mzigo kwa mfuko wako, usihuzunike. Kuna njia ya kati ambayo imewasaidia wengi. Chukua sahani moja ya kawaida. Nusu yake ijaze mboga: sukuma wiki, mchicha, managu, kunde au kabeji. Robo yake iwe samaki, omena, mayai, kuku au maharagwe. Robo inayobaki ndiyo ya sima, wali au viazi. Maharagwe pia yana wanga, kwa hivyo siku ya githeri usiongeze chapati. Chai iwe bila sukari. Soda na juisi ziwe za kumwokoa sukari inaposhuka. Mafuta yawe ya mimea kwa kiasi, badala ya kukaanga kila kitu. Sahani hii inaweza kuliwa na familia nzima, na hutapika sufuria mbili.

Hata sahani hii ibadilishe polepole. Ikiwa mgonjwa amezoea sima nusu sahani na anatumia insulini au glibenklamidi, waeleze wahudumu wa kliniki kabla ya kuikata hadi robo. Mpime sukari mara nyingi zaidi katika siku hizo, na asitoke nyumbani bila peremende au sukari mfukoni.

Tukumbushane kabla ya kuagana. Kupunguza wanga hushusha sukari. Dawa ipimwe upya kabla ya wanga kuondolewa. Insulini ya mtoto haiachwi kwa mlo wowote. Mtu akitetemeka na kutoka jasho, sukari upesi. Akitapika na kupumua kwa kasi, hospitali upesi.

Mama, daktari humwona mgonjwa mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Wewe humwona kila siku, na ni wewe unayejua kilichoingia kwenye sahani yake. Mara nyingine mkienda kliniki, usibaki nje kwenye benchi. Ingia naye, umwambie daktari unachompikia.