Zilipendwa ni za Nani?

Neno "zilipendwa" halina mwaka maalumu. Kila kizazi kinapozeeka, vituo vya redio huusogeza mpaka wake mbele, kwani wafanyabiashara wanaolipia matangazo humtafuta msikilizaji mwenye nguvu ya kununua. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 sasa amevuka 70. Aliyekuwa na umri huo mwaka 1995 ndiye anayelengwa. Hivyo nyimbo za miaka ya 1990 zinaingia, na zile za miaka ya 1960 zinatoka.

Biashara ina haki yake. Lakini wazee wa Handeni, na wale waliokata mkonge Korogwe, wanafukuzwa katika ujana wao wenyewe. Mkoa wao wa Tanga ndio uliotoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, pamoja na taarabu ya Black Star na Lucky Star iliyomtukuza Shakila binti Said; taarabu ambayo wenzetu wa Unguja na Pemba wanaijua kama yao.

Kabla ya sheria ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa fedha za umma. Kanda hizo zimerithiwa na TBC. Tunaishauri Serikali ihakikishe zinanakiliwa kwa mitambo ya kisasa na kugawiwa vituo vya wilayani, wanamuziki na warithi wao wakilipwa haki zao. Mali ya umma haistahili kupimwa kwa umri wa mnunuzi.