Njia ya Chuo Kikuu katika Shule za Butembo na Beni

Nchini Tanzania, kidato cha tano na cha sita ni ngazi ya pekee: mwanafunzi hufanya mtihani wa kidato cha nne, huchaguliwa upya, kisha husoma tahasusi moja. Katika Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, ngazi hiyo haipo. Kijana humaliza miaka miwili ya mwanzo ya sekondari, ambayo tangu sheria ya mwaka 2014 huhesabiwa kuwa elimu ya msingi, kisha huomba nafasi katika mchepuo mmoja: Sayansi, Ualimu, Biashara, au Kilatini na Falsafa. Hudumu humo miaka minne. Hivyo, uamuzi ambao Mtanzania huufikia akiwa na miaka 17 hivi, Mkongo huufikia akiwa na 14.

Mwishoni huja Mtihani wa Dola, ulioanzishwa mwaka 1967. Apataye 50% hutunukiwa diploma ya kuombea chuo kikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989.

Mtihani huo ni wa Kifaransa. Kiswahili, ingawa ni mojawapo ya lugha nne za taifa kwa katiba ya mwaka 2006, huishia madarasa ya chini. Kijana wa Kipese, asemaye Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, hufika chuoni bila alama yoyote ya Kiswahili katika diploma yake. Idara ya Kiswahili itakayompokea haina budi kumpima kwa ujuzi wake, wala si kwa cheti.