DRC: Ni mti gani unaofaa kwa mkaa wa Goma?

Kila siku, magunia ya mkaa, au makala kama wanavyouita wenyeji, huingia mjini Goma kwa malori, pikipiki na chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vinavyobeba mizigo ya mji huo. Kwa familia nyingi, bila gunia hilo maharagwe hayaivi. Hata hivyo, aina ya mti uliochomwa haigusi chungu pekee. Inagusa pia uhai wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyo jirani na mji.

Siri iko kwenye uzito

Kilo moja ya mkaa uliochomwa vizuri hutoa joto linalokaribiana, uwe umetokana na mti mgumu au mwepesi. Lakini sokoni mkaa huuzwa zaidi kwa gunia, ndoo au kopo kuliko kwa mizani. Gunia la mkaa wa mti mgumu lina kilo nyingi zaidi, na moto wake hudumu. Mkaa wa mti mwepesi huwaka upesi, huisha upesi, na sehemu yake huvunjika njiani ikawa vumbi.

Kwa sababu hiyo wachomaji hutafuta miti migumu ya asili, ambayo kwa kawaida hukua polepole. Mti uliokatwa leo hautarudi kwa miongo kadhaa.

Virunga ilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1979 ikawekwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kukata miti ndani yake ni marufuku, lakini biashara ya mkaa haramu imewanufaisha watu wenye silaha kwa miaka mingi. Mwaka 2007 sokwe kadhaa wa milimani waliuawa hifadhini, na mauaji hayo yalihusishwa na biashara hiyo.

Miti ya kupandwa

Mwaka huohuo wa 2007, shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala, uliowasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya mkaa katika mashamba yao. Miti mitatu ya asili ya Australia inafahamika sana katika ukanda huu, na kila mmoja una faida na kasoro zake.

Mwati, yaani Acacia mearnsii, hutoa mkaa mzito na huweza kuvunwa baada ya miaka saba hadi kumi. Mizizi yake hurutubisha udongo. Lakini kisiki chake huchipua kwa shida, na mbegu zake huenea hadi mahali usipotakiwa.

Mkaratusi hukua haraka na huchipua tena baada ya kukatwa, hivyo shina moja huvunwa mara kadhaa. Kasoro yake ni kiu: haufai kupandwa karibu na chemchemi wala katikati ya mazao.

Mgrevilea hutoa mkaa mwepesi kuliko mwati, lakini huvumiliana na mazao. Mkulima mwenye shamba dogo huweza kuupanda mpakani na kukata matawi bila kuuangusha.

Uchomaji nao huamua

Hata mti bora huharibika mikononi mwa mchomaji mwenye haraka. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto kukausha maji yake zenyewe, kwa hiyo zinapaswa kuanikwa kwa wiki kadhaa. Katika tanuri la kawaida la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa takriban kilo 10 hadi 20 za mkaa. Tanuri lililoboreshwa, lenye bomba la moshi na mpangilio mzuri wa magogo, huweza kufikia kilo 30. Maana yake, gunia lilelile hupatikana kwa miti michache zaidi.

Kikwazo kikubwa ni bei. Anayechoma mti wa hifadhi hakuununua mche, hakuupalilia wala hakuungojea. Mkulima aliyepanda mwati amesubiri miaka saba, pengine akikimbia vita katikati ya kungoja, kisha anakutana na mwenzake huyo katika soko moja. Mnunuzi naye, akitazama gunia tu, hana njia rahisi ya kujua lilikotoka.

Kwa Goma, basi, mti unaofaa ni ule unaotoa mkaa mzito wa kutosha, unaoweza kuvunwa ndani ya miaka michache, na unaoota katika shamba la mtu badala ya msitu wa hifadhi.