Joho Mabegani mwa Dada

Mahafali ya vyuo vikuu vya Tanzania hufuata utaratibu unaojulikana, ambao huanza kwa maandamano ya wanataaluma kuingia ukumbini na kufikia kilele pale Mkuu wa Chuo anapowatunuku wahitimu shahada zao, lakini upo utaratibu wa pili usiochapishwa katika ratiba yoyote, unaoanza nje ya ukumbi mara sherehe inapokwisha, wakati mhitimu anapolivua joho lake na kumvika mtu aliyemsomesha. Aghalabu anayevikwa ni mama au baba. Katika familia nyingi, hata hivyo, anayesogezwa mbele na kuvikwa ni dada au kaka mkubwa, ambaye hotuba za siku hiyo humjumuisha katika maneno "wazazi na walezi" na kuendelea na mengine.

Fundi cherehani mmoja wa Manzese, jijini Dar es Salaam, ni mmoja wa waliovikwa. Yeye ni kifungua mimba, na mhitimu ni kitindamimba, yaani mtoto wa mwisho wa mama yao, aliyemaliza miaka minne ya shahada ya uhandisi ujenzi. Alipowekewa joho mabegani, jambo la kwanza alilofanya, huku mpiga picha akimhimiza atazame mbele, lilikuwa kulishika pindo, kuligeuza na kuukagua mshono wa ndani. Kitendo hicho kidogo ndicho kilichozaa makala haya, kwa kuwa ndani yake umo ujuzi wa mtu ambaye kwa miaka mingi ameyageuza mapindo ya nguo za watoto wa wenzake ili wa kwao asome.

Maelezo yake kuhusu vazi lile ni ya kifundi na hayana haraka. Joho lile, anaeleza, halina kifungo wala zipu, bali pande zake mbili za mbele huachwa zining'inie wazi, na uzito wake wote hubebwa na kipande cha begani ambacho mafundi hukiita yoki. Chini ya yoki hiyo, mgongoni, kitambaa kipana hufinywa kwa vifinyo vyembamba vilivyobanana, ili upana ule ushuke mpaka chini bila kumvimbisha mvaaji, na hapo ndipo fundi hupimwa, kwa sababu kifinyo kimoja kikizidi unene upande wa kushoto, joho lote huvuta kushoto. Mikono hukatwa mipana kupita kiasi cha mkono wa mtu yeyote. Kwa ndani halikuwekwa bitana, kile kitambaa cha pili kinachofunika mishono, ila kingo zilipitishwa overloki tu, jambo ambalo fundi huyu halilaumu, maana joho la kukodi huvaliwa kwa saa chache na kurudishwa. Kwenye kwapa la kulia aliona mahali palipowahi kufumuka na kushonwa upya kwa uzi usiofanana na ule wa awali, akatambua kuwa watu wengine walikwishalivaa na kulitokea jasho.

Hukumu yake ni kwamba joho ni rahisi kushona kuliko sketi ya shule yenye marinda. Kila rinda la sketi lazima lipimwe kwa chaki, likunjwe na kupigwa pasi kabla halijapelekwa chini ya sindano, na mtoto atakayeivaa ataikalia, atarukia kamba nayo na kuifua kila wiki. Anayajua hayo kwa sababu sare za shule ndizo zilizomsomesha mdogo wake. Kuanzia Desemba hadi Januari, wazazi wanapokimbizana na ufunguzi wa shule, yeye hushona mpaka usiku wa manane, na umeme ukikatika huhamia kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Fedha za msimu huo zilikuwa na wenyewe kabla hazijafika mkononi.

Historia inayowazunguka ndugu hawa wasomaji wanaifahamu. Dada alimaliza darasa la saba kabla ya mwaka 2004, ulipoanza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari uliosambaza shule za kata, na nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache. Mdogo wake aliingia sekondari ada ya shule ya kutwa ikiwa Sh. 20,000 kwa mwaka, ikafutwa Januari 2016 akiwa njiani, na akasoma kidato cha tano na cha sita kabla msamaha huo haujafika huko mwaka 2022. Ada yenyewe haikuwa mzigo mkubwa kama michango, nauli, daftari na chakula. Chuoni alipata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na wakati boom, kama wanafunzi wanavyoiita fedha ya kujikimu inayotolewa kwa awamu, ilipochelewa, simu ya kwanza ilipigwa Manzese.

Akiulizwa kama anajivunia, fundi huyu hajibu moja kwa moja. Anasema tu kwamba alipomwona mdogo wake akitoka ukumbini, joho lilikuwa limemkaa, na kwamba marehemu mama yao angelipiga vigelegele kuliko watu wote pale. Ni vigumu kuamini kuwa hakuna kingine chini ya maneno hayo. Mwanamke aliyeweza kusoma siri zote za vazi kwa kuligusa pindo alikuwa na akili ya darasani pia, na hakuna aliyewahi kumuuliza angependa kusomea nini. Mdogo wake hajamuuliza. Pengine anaogopa jibu, pengine anadhani dada alizaliwa akiwa fundi.

Deni la Bodi litarejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara, endapo kazi itapatikana, na Bodi inajua kila shilingi inayoidai. Fundi huyu hakuandika kitu, na anasema hana hesabu na mtoto wa mama yake. Lakini ana binti aliye kidato cha tatu, na jioni ya mahafali, mbele ya ndugu waliokuja kula pilau, mhandisi mpya alitangaza kwamba mahitaji yote ya shule ya mpwa wake kuanzia sasa ni juu yake. Wageni walipiga makofi. Dada hakukubali wala hakukataa, na mpaka sasa hajatoa jibu, kwa kuwa anajua mwenyewe, kuliko yeyote aliyekuwapo, kijana wa umri ule huacha mambo gani anapojitwika mtoto wa kusomesha.