Chipu ya Bob Kumi na Tatu Itakumaliza

Hapa Ololo, Kaloleni ya mababu, Nairobi, maji hukuja ikijiskia. Ndio maana msee wa mtaa akianza kucheza na elektroniki, kitu ya kwanza anadai kuunda ni kifaa ya kucheki tenki imebaki na maji ngapi, imtumie kwa tenje kabla mathe aanze kelele. Wazo fiti. Ngori ni kuchagua mikrokontrola, ile chipu ya kukiendesha, na doh yenyewe ni ya kuokoteza.

Ukizama mtandaoni utapatana na CH32V003, chipu ya kampuni ya WCH kutoka Nanjing, China. Ilivuma 2022 juu ya bei: senti kumi za Marekani hivi, ukibeba mob. Dola ikicheza kwa 129, hiyo ni bob kumi na tatu. Chapo inaishinda bei! Na hapo ndio wasee huingia box.

Hiyo chipu inakuja uchi. Ile ya miguu nane, ukiikoholea umeipoteza. Haina mahali pa kuchomeka kebo ya USB, inabidi ununue WCH-LinkE ndio uiwekee programu. Inataka bodi ya kusoldiwa na solda ya ncha nyembamba. RAM ni kilobaiti 2, waifai hakuna, maanake hiyo meseji ya tenki utainunulia redio kando. Weka na nauli ya Jogoo Road, kwenda na kurudi. Bob kumi na tatu imeshakuwa ya mangiri na hujawasha hata kataa kamoja.

Si eti WCH wanakuibia. Kampuni ikiunda mita za gesi laki moja, kuokoa bob kumi kwa kila moja ni milioni, na wako na mainjinia na mashine. Wewe uko na meza ya jikoni. Na kama umewahi nunua Arduino ya kukopiwa, pengine ulishawalipa: CH340, kale kachipu ka USB kenye hukaa kwa nyingi ya hizo, ni yao.

Mimi nasema ESP32. Espressif wa Shanghai waliitoa 2016: bongo mbili za megahezi 240, RAM kilobaiti 520, waifai na blututhi zote ndani. Unachukua bodi imekamilika, unaiongelesha na programu ya Arduino IDE, na hiyo ni ya bure. Ukikwama usiku wa manane, kuna msee mahali alishakwama hapo hapo, akauliza, akajibiwa. Hiyo ni ganji umeokoa na hakuna duka itakuandikia kwa risiti.

Tenki sasa. Sensa ya HC-SR04 unaifunga juu ikiangalia chini. Inapiga sauti yenye maskio ya mtu haishiki, inahesabu mwangwi umechukua muda gani kurudi. Inakula volti 5, na pini yake ya Echo inarudisha volti 5. Pini za ESP32 ni za 3.3. Basi katikati weka rezista mbili, ya kilo-ohm 1 kutoka Echo kuingia pini ya ESP32, na ya kilo-ohm 2 kutoka hapo kuingia ardhi, volti ishuke. Ukiruka hapo, unacheza na pini. Mvuke nayo humaliza hiyo sensa polepole, kwa hivyo ka mfuko inaruhusu tafuta JSN-SR04T, hiyo jicho lake haliogopi maji.

Ukipakia programu na kompyuta ikwamie kwa "Connecting" na manukta, shikilia kitufe cha BOOT. Ikikataa bado, badilisha kebo. Zingine ni za kucharge tu, waya za data hazina. Noma ya ESP32 ni stima: waifai inavuta mob. Ukiilaza ndio betri idumu, pawabenki zingine zinadhani hakuna kitu imechomekwa, zinajizima.

Raspberry Pi Pico ya 2021 pia si mbaya, dola 4 bei ya kwao: unabonyeza BOOTSEL ukichomeka, inatokea ka flashi, unaangusha faili. Waifai ndio hupati mpaka ulipie Pico W, dola 6. Arduino Uno ni ya kufunza watoi. Ile ya chipu ndefu ukiichoma unang'oa unaweka ingine. Jina la Arduino lilianzia Italy, Ivrea, 2005, na wazee wa hapa husema mateka wa vita wa Kitaliano ndio walijenga Kaloleni miaka ya 1940. Tumetoka mbali na hao watu.

Kabla upande mat ya tao, ingia Wokwi kwa brauza, iko na ESP32 na HC-SR04 za kujaribia bila kulipa. Ukitaka mahali pametulia, laibri ya Kaloleni iko, ile shirika la Book Bunk walirekebisha. Programu ikikubali huko, sasa enda maduka ya elektroniki ya Luthuli uchukue ESP32 moja, na umwambie msee wa duka aichomeke kwa kompyuta na hiyo hiyo kebo anakuuzia, ukiona.