Sifuri ya Forodhani na Kompyuta za Maji za Ayany

Msomaji aliyewahi kununua kompyuta ya mitumba katika Barabara ya Luthuli, Nairobi, hana haja ya kufundishwa jinsi bidhaa hiyo isafirivyo: hutolewa katika afisi za Uingereza zilizokwisha kuichoka, hupitishwa Dubai au huletwa moja kwa moja Mombasa, hupanguswa vumbi, hutiwa diski mpya, kisha hupewa dhamana ya miezi michache ambayo aghalabu hukoma mlangoni pa duka. Lakini upo utanzu wa tijara hiyo usiotajwa sana, nao ni wa kompyuta za nguvu zipozwazo kwa maji, ambazo huundwa kipande baada ya kipande katika vyumba vya nyuma vya mtaa wa Ayany, Kibera, na ng'ambo ya Barabara ya Ngong hadi Kawangware, hupigwa picha kwa hadhari ile ile apigiwayo bibi arusi, na huuzwa, iwapo zitauzwa, kwa nguvu ya picha hiyo zaidi kuliko kwa nguvu ya mashine yenyewe. Waundaji walio wengi waliingia kwa mapenzi, si kwa hesabu. Kijana hujiundia moja ya kwake, akaipiga picha, akaitia katika simu, na kabla ya juma kwisha mtu asiyemjua akamwuliza bei; hapo ndipo mchezo ugeukapo kazi, na kazi ikakutana na forodha.

Afisa mmoja aijuaye kazi ya forodha, aliyekubali kusema kwa sharti asitajwe, ana tarakimu moja tu ya kumjibu kila alalamikaye, nayo ni sifuri. Katika kitabu cha ushuru wa pamoja cha Afrika Mashariki, anasema, kompyuta na vipande vyake hutozwa ushuru wa asilimia 0, na kwa hiyo yeyote adaiye kwamba serikali inaitia kitanzi tijara hii ama hajasoma kitabu au ana lake jambo. Tarakimu hiyo ni sahihi, na kwa sababu ni sahihi imerudiwa katika hotuba za uchumi wa kidijitali hata imekuwa kama tasbihi mkononi mwa mtu asiyesali. Waama, ushuru ni jina la tozo moja tu. Baada ya sifuri hiyo huja ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, huja tozo ya reli, ambayo mwishoni mwa mwaka 2024 ilipandishwa ikarudi asilimia 2, na juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Nilipomhesabia hayo, afisa alikubali kila moja, kisha akanikumbusha kwamba ushuru ni sifuri.

Mfanyabiashara mmoja wa Ayany, ambaye manung'uniko yake yatachukua nafasi kubwa hapa kwa sababu ni yeye pekee aliyekubali kulifungua daftari lake mbele yangu, hana ugomvi na kodi ya thamani, maana hiyo humpata kila mtu. Ugomvi wake ni wa tafsiri. Asimulia kwamba aliagiza kutoka Guangzhou katoni moja yenye pampu sita, rejeta nne, feni kumi na mbili, mirija ya plastiki ngumu, na vifungo vya shaba vya kuunganishia, akiitegemea sifuri ile kwa moyo mweupe. Lakini katoni ilipofunguliwa, mkaguzi aliishika pampu, akaigeuza, akasema hii ni pampu ya maji. Akaishika rejeta, akasema hii ni ya gari. Na feni, alisema, ni feni. Kila kitu kikapelekwa katika ukurasa wake, mbali na ukurasa wa kompyuta, na juu ya sifuri madaraja ya kitabu hicho ni 10 na 25, na tangu Julai ya mwaka 2022 hata 35 kwa baadhi ya bidhaa. Mfanyabiashara alitoa simu, akaonyesha picha ya kompyuta aliyoiunda mwenyewe, pampu kama hiyo hiyo ikiwa tumboni mwake na maji yakiwaka samawati. Mkaguzi aliisifu picha, akauliza bei, kisha akaandika 25.

Hesabu yake si ngumu, nami nimeirudia kwa kalamu yangu. Mzigo wa thamani ya shilingi 10,000 uitwao kompyuta hulipa shilingi 450 za ada na tozo ya reli, na shilingi 1,600 za kodi ya thamani, jumla 2,050. Mzigo ule ule ukiitwa vifaa vya bomba kwa daraja la 25 hulipa ushuru wa 2,500, kodi ya thamani ya 2,000, kwa kuwa kodi hiyo hutozwa juu ya ushuru nao, na zile 450, jumla 4,950. Tofauti ya shilingi 2,900 katika kila 10,000 ndiyo faida yake yote, na pengine ni zaidi ya faida yake yote, maana daftari lile, nililolitazama kwa jicho la hisani, halikuwa na safu ya saa za kazi.

Afisa, kwa upande wake, asema kwamba bidhaa hupangwa kwa ilivyo, si kwa nia ya mnunuzi, na kwamba mwagizaji asiyeridhika amepewa na sheria siku 30 za kuomba uamuzi uangaliwe upya, au angaliomba tafsiri ya maandishi kabla ya kuagiza. Yote hayo yamo katika sheria. Kilicho nje ya sheria ni kwamba katoni hulipiwa ghala kila siku ikaapo, na mtu mwenye pampu sita hana wakili wa kumsomea vifungu. Kwa hiyo alilipa, akachukua mzigo wake, na haki yake ya siku 30 akaiacha hapo kaunta.

Mtu aweza kuuliza, kuna haja gani ya maji? Nairobi iko kiasi cha mita 1,795 juu ya bahari, na hewa yake, japo ni baridi, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja katika sita, hata feni izungukayo hapa kwa kasi ile ile husukuma hewa iliyo pungufu. Kadi kubwa za michoro zilizotoka mwaka 2022 zilikula hadi wati 450, na zile za mwaka 2025 wati 575, yaani kama balbu tisa na nusu za wati 60 zinazowaka pamoja ndani ya sanduku la kioo. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa, bila ya kelele, na wanaohariri sauti usiku katika nyumba za kuta nyembamba hulithamini hilo la kelele kuliko lile la joto. Wala si jambo geni: mitambo mikubwa ya Marekani ilipozwa kwa maji tangu miaka ya 1960, na wapenzi wa mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla vifaa vyao havijauzwa madukani, walitumia rejeta za kipasha joto cha gari na pampu za matangi ya samaki. Kwa nadhari ya tarikhi, basi, mkaguzi yule hakukosea sana.

Hapo ndipo hutokea rai ya wale wasemao kwamba vijana wangenunua rejeta katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan, wakaacha kuagiza. Mafundi walikwisha kujaribu. Rejeta za magari ya siku hizi ni za alumini, ilhali kile kibamba kikaacho juu ya prosesa ni cha shaba, na metali hizo mbili zikikutana katika maji yale yale hulana polepole, alumini ikaliwa kwanza, mpaka siku moja mteja aamke akute dimbwi chini ya meza na kadi ya thamani ya kodi ya nyumba ya miezi mingi imekufa. Kulanti ya gari hupunguza uharibifu huo, haiuondoi.

Nilimkuta fundi mmoja, mtu wa umri wa miaka ishirini na kitu, akikunja mrija kwa bunduki ya joto katika chumba ambacho kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani ili meza ipate nafasi. Ndani ya mrija alikuwa amepitisha kamba nene ya silikoni, usije ukanywea penye kona. Aliukunja kwa kuupima na ubao aliouchonga mwenyewe, akaukataa, akaukunja mwingine, akaukataa nao, na wa tatu akaupuliza kama apulizaye uji wa mtoto. Neno maji humkumbusha mkaazi wa Kibera mitungi ya lita 20 na mgao usiotabirika, lakini kompyuta ile nzima hainywi zaidi ya lita moja u nusu, na maji yenyewe si ya bomba wala ya kisima, ambayo huacha chumvi na kuotesha ukoga wa kijani, bali ni yale ya betri yauzwayo katika vituo vya petroli. Alipokwisha kuyatia, alitandika tishu chini ya kila kiungo, akachomeka kipande cha waya uliopindwa katika plagi ya kisanduku cha umeme ili pampu izunguke peke yake, bodi kuu ikiwa bado haina moto, akaniita mzee, akaniomba nisikae upande ule nisije nikaigusa meza. Saa 24 hutakiwa zipite hivyo, na tishu zikaguliwe moja moja kwa kidole, kabla mashine haijawashwa. Tokeni za stima ziliisha saa ya kumi na tisa. Alinunua nyingine, akaanza kuhesabu upya, jambo ambalo mnunuzi hataliona katika bei wala katika picha.

Na picha ni tijara ndani ya tijara. Kioo cha ubavuni huakisi kila kitu, kuanzia taa ya jirani hadi uso wa mpigaji, kwa hiyo kazi hufanywa usiku mkubwa, nyuma ya mashine na nyuma ya kamera pakitundikwa kitambaa cheusi, ambacho katika chumba kile nilikitambua kuwa buibui kuukuu. Vumbi jekundu hufutwa kwa brashi ya rangi, kisha kwa pumzi, kisha tena kwa brashi. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu na kuachwa jicho wazi kwa sekunde kadhaa, taa za ndani zikiwa zimepunguzwa hadi ukingo wa kuzimika. Maji hutiwa rangi nyekundu au ya maziwa, na hapa iko siri ambayo wauzaji hawaitangazi: rangi hizo baada ya muda huganda na kuziba vijifereji vya shaba, hivyo aliye muungwana huzitia kwa ajili ya picha tu, akamwaga, akamkabidhi mteja maji yasiyo na rangi. Asiye muungwana humwachia mteja ile rangi. Aidha wako mabroka wasio na pampu wala bisibisi, ambao huichukua picha ya mwenzao, wakaitangaza kama yao, na anapopatikana mnunuzi ndipo wamtafutapo mwenye mashine; mfanyabiashara wa Ayany aapa kwamba aliwahi kuulizwa bei ya kompyuta yake mwenyewe na mtu aliyemwambia kwamba iko Kawangware.

Wateja ni wahariri wa video za harusi, watayarishi wa muziki, wachoraji wa majumba, na akali ya vijana wenye mishahara wachezao michezo ya kompyuta. Wapatao chochote kutokana na video zao wenyewe hukatwa asilimia 5 tangu sheria ya fedha ya mwaka 2023, nao husema kwamba pato lenyewe huchelewa kuliko makato.

Bei hazitulii. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola ilifika kiasi cha shilingi 160, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Afisa ataja nafuu hiyo kwa furaha, ila maduka ya Luthuli, kwa hoja ya shehena ya zamani, yalikawia kuiona. Septemba ya mwaka 2022, uchimbaji wa sarafu moja kubwa ya kidijitali kwa kadi za michoro ulipokoma, kadi zilizochoka zilimwagika sokoni kwa bei rakhisi, na baadhi ya mafundi wa leo walianzia hapo. Mwishoni mwa mwaka 2025 mambo yaligeuka, kwa kuwa mahitaji ya mitambo ya akili bandia yalipandisha bei za chipu za kumbukumbu duniani kote. Tozo ya mazingira juu ya vyombo vya elektroniki, iliyopendekezwa mwaka 2024, ilianguka pamoja na mswada wake mwezi wa Juni, na wafanyabiashara wasema itarudi kwa jina jingine. Afisa asema hajaisikia.

Yawezekana soko hili likakua, maadam picha haziishi na vijana hawaishi. Yawezekana pia likabaki vyumba kumi na vichache vya watu wauzianao wenyewe kwa wenyewe, na kwa daftari nililoliona mimi naelekea upande huo wa pili, nikikiri kwamba daftari ni moja. Afisa atarajia kwamba sifuri itabaki sifuri. Mfanyabiashara naye ameacha kuagiza katoni: pampu zake sasa huja mbili mbili katika mabegi ya watu warudio kutoka Dubai, zimeviringishwa ndani ya mashati, na bei ya kila msafiri ameiandika kwa wino mwekundu katika safu aliyoipa kichwa kwa herufi kubwa, ushuru.