Pombe ya Nyumbani: Ipoe kwa Muda Gani Kabla ya Kutiwa Chupani?

Kitengela ni mji wa makabila mengi, na sherehe za mahari na arusi hazikauki. Katika baadhi ya nyumba hutengenezwa pombe ya asali, ambayo Wakikuyu huiita muratina, nao Wamaasai huiita enaisho. Wapo pia wanaotengeneza bia na kuitia chupani. Je, ikae kwenye friji kwa muda gani kabla ya kufungwa?

Jibu fupi ni siku moja hadi mbili, katika baridi ya nyuzi 0 hadi 4 za selsiasi. Muda huo huhesabiwa tangu bia yenyewe ipoe, wala si tangu iingizwe frijini. Mtungi wa lita 20 huweza kuchukua karibu siku nzima kupoa hadi katikati. Umeme ukipotea na bia ikapata joto, anza kuhesabu upya.

Baridi huizamisha hamira pamoja na machicha, nayo bia safi hubaki juu. Machicha hayo huweza kumjaza mnywaji gesi tumboni na kumharisha.

Lakini elewa kwamba baridi huilaza hamira, haiiui. Ukifunga chupa kabla sukari haijaisha, hamira itaamka chupa ikipata joto, itakula sukari hiyo na kutoa gesi hadi kioo kipasuke. Kipande kimoja chaweza kupofua jicho. Kwa hiyo:

1. Pima kwa haidromita. Kipimo kikibaki kilekile siku tatu mfululizo, ndipo upoze. Povu kukoma si ushahidi wa kutosha.

2. Ukiongeza sukari ili bia itoe povu, ipime kwa mizani. Gramu 6 kwa lita zinatosha.

3. Muratina na enaisho hunywewa zingali zikichacha. Usizifunge kabisa, hata zikiwa frijini. Legeza kifuniko gesi itoke.

Kioo kikiingia jichoni, usisugue wala usijaribu kukitoa. Funika jicho kwa kikombe safi bila kulikandamiza, kisha mkimbize mgonjwa hospitalini.

Kuna mambo mawili ambayo friji haiwezi kuyatibu. La kwanza ni mtungi uliowahi kutiwa dawa ya kuogeshea mifugo: usiutumie kamwe, hata ukiuosha mara kumi. La pili ni methanoli, sumu ambayo watu huichanganya na pombe ili iwe kali. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika na macho kuona ukungu, na huweza kuchelewa hata siku nzima. Usimwache mtu kama huyo alale "apate nafuu". Mpeleke hospitalini mara moja, kwani dawa ipo, lakini hufaa zaidi ikitolewa mapema.